Chaja Ikipiga Tiki, Usikimbilie Kung'oa Aisi

Chaja inayopiga tik-tik-tik, king'amuzi kinachopepesa taa nyekundu kisha kinazima, sabufa inayowaka nusu sekunde na kulala: vyote hivi humfikia fundi wa Mwanza hukumu ikiwa imeshatolewa njiani. "Fundi, aisi imeungua, weka nyingine." Aisi, yaani kile kidude cheusi chenye pini kinachoongoza pawasaplai, mara nyingi haijaungua. Aisi iliyoungua kwa kawaida hukaa kimya. Ile inayojaribu, ikaacha, ikajaribu tena, iko kazini: imeona hitilafu na inaizuia isigeuke moshi. Kazi yako wewe ni kujua imeona nini.

Nitatumia UC3842 na ndugu zake watatu, yaani UC3843, UC3844 na UC3845, kuwa mfano mkuu. Utazikuta kwenye chaja za betri, monita za zamani na pawasaplai nyingi za 12 V, na uzuri wake ni kwamba kila kitu kiko wazi kwenye pini nane. Ukizizoea hizo, zile zenye mosifeti (swichi ya kielektroniki inayokata na kuunga umeme mkubwa) ndani kwa ndani hazitakusumbua.

Kwanza usalama

Umeme wa 230 V ukishapita kwenye daraja la dayodi na kujaza kapasita kubwa, unakuwa DC ya volti 325 hivi. Kapasita hiyo hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako, na kwenye pawasaplai ambayo haikuwaka kabisa hubaki nayo muda mrefu zaidi, kwa kuwa hakuna kinachoila. Ipunguze kwa rezista ya 2.2 kiloomu ya wati 10 iliyofungwa waya mbili zenye insulesheni nzuri, shikilia sekunde tatu, halafu pima uhakikishe iko chini ya volti 10. Achana na bisibisi. Cheche unayoiona pale inakula bisibisi na kapasita kwa pamoja.

Jambo la pili ni grandi. Bodi ina grandi mbili zisizogusana: ya upande wa umeme mkubwa, ambayo ni hasi ya kapasita kubwa, na ya upande wa pato. Volti za pini za aisi zinapimwa kwa grandi ya umeme mkubwa. Ukiweka mkia wa mita kwenye grandi ya pato utasoma namba za ajabu na kuanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Wenye osiloskopu wawe waangalifu zaidi: klipu ya grandi ya osiloskopu imeungwa na ethi ya ukutani, kwa hiyo ukiibana kwenye grandi ya umeme mkubwa bila transfoma ya kutenganisha, unapiga shoti kupitia daraja la dayodi.

La tatu ni balbu ya mfululizo. Chukua balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100 (ya LED haifai kwa kazi hii), uiunge mfululizo na waya wa laini. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti mbele. Ikimulika mara moja na kufifia, kapasita kubwa imejaa na mambo yanaendelea. Ikipepesa hafifu kwa mpigo, ulinzi unafanya kazi. Lakini kumbuka balbu yenyewe inapunguza volti mzigo ukiwepo, hivyo inaweza kuzalisha tiki ambayo haikuwepo. Itumie kwa kuwasha mara ya kwanza tu, bila mzigo.

Hatua ya 1: Uliza, fungua, safisha

Muulize mwenye kifaa kilianza lini na kilianzaje. Kilichokuwa kinachelewa kuwaka kila wiki zaidi kina kapasita iliyokauka au rezista ya kuwashia iliyopanda thamani. Kilichokufa umeme uliporudi baada ya kukatika, anza na fyuzi, daraja la dayodi na mosifeti. Kilichokufa betri ilipoungwa, uliza kama nyaya hazikugeuzwa, na usitegemee atakubali.

Vifaa vinavyotoka kando ya ziwa, iwe Igombe, Kayenze au visiwani, vipige brashi kabla ya kupima chochote. Wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huingia kwenye matundu ya hewa na kufia juu ya bodi, na kwa unyevu ule mabaki yao yanapitisha umeme. Huo si usafi wa kupendezesha. Chukua bodi yenye rezista ya kuwashia ya 300 kiloomu: kutoka volti 325 inaipa aisi miliampea 1 hivi. Uchafu wenye ukinzani wa 30 kiloomu tu kati ya pini ya VCC, ile inayoilisha aisi umeme, na grandi, VCC ikikaribia volti 16, unakula nusu ya mkondo huo. Aisi haiwaki, nawe unalaumu aisi. Safisha kwa spiriti, kausha kabisa, kisha ndipo upime.

Hatua ya 2: Soma namba mpaka tarakimu ya mwisho

Ulinzi wa kwanza kabisa wa aisi hizi ni kukataa kuwaka mpaka VCC, pini ya 7, ifike kiwango kinachotosha, na kuzima ikishuka chini ya kiwango kingine. UC3842 na UC3844 huanza kwenye volti 16 na kuzima kwenye 10. UC3843 na UC3845 huanza kwenye 8.4 na kuzima kwenye 7.6. Hizo ni namba za katikati. Datashiti inaruhusu 3842 kuanza popote kati ya 14.5 na 17.5.

Hapa ndipo kubadilishana holela kunapoumiza. Ukiweka 3843 mahali pa 3842, pawasaplai inaweza kuwaka vizuri na mteja akaondoka anashukuru. Lakini sasa aisi inakubali kuendelea kuendesha geti, mguu wa kuiamrisha mosifeti, kwa volti 8, wakati mosifeti ile ilipangiwa 10 na kuendelea. Haifunguki kikamilifu, inachemka, na wiki ya tatu inarudi imepasuka. Kinyume chake, 3842 kwenye saketi inayolishwa volti 12 haitawaka milele, kwa sababu 12 haifiki 16. Nazo 3844 na 3845 haziruhusu mosifeti kuwa wazi zaidi ya nusu ya mzunguko, ilhali 3842 na 3843 zinaweza kukaribia mzunguko mzima. Transfoma iliyosukwa kwa nusu, ukiipa zaidi, inashiba na mkondo unaruka.

Kwa hiyo tarakimu ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Kama imefutwa, fuata njia za shaba: pini ya 5 iende grandi, pini ya 6 iende geti kupitia rezista ndogo, pini ya 8 itoe volti 5 inayolisha rezista ya pini ya 4. Kisha tazama kapasita ya VCC na rezista za kuwashia, zitakuambia ni familia ya 16 au ya 8.4.

Hatua ya 3: Sikiliza tiki

Hatua hii haigharimu kitu, na wengi wanairuka.

UC3842 haina saa ya kuhesabu kosa. Tiki yake inatokana na kapasita ya VCC. Rezista ya kuwashia inaijaza polepole, ikifika volti 16 aisi inaamka na kuanza kula miliampea 15 hivi pamoja na za geti, na hapo inategemea koili ya msaada kwenye transfoma iipokee. Pato likiwa na shoti, koili ya msaada nayo haina kitu. VCC inaporomoka hadi 10, aisi inazima, rezista inaanza kujaza upya. Ni kwikwi, na kwikwi hii ina hesabu yake.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 47 na rezista ile ya 300 kiloomu. Aisi kabla ya kuwaka inakula kama nusu miliampea, inabaki nusu nyingine ya kujaza. Kutoka 10 hadi 16 ni volti 6: mikrofaradi 47 mara 6 gawanya kwa nusu miliampea, unapata karibu nusu sekunde na ushee. Kushuka tena kwa miliampea 15 ni milisekunde 19 tu. Maana yake pawasaplai yenye shoti inasukuma nguvu milisekunde 19 na kupumzika zaidi ya nusu sekunde. Dayodi ya pato na mosifeti zinabaki hai kwa sababu ya uwiano huo.

Sasa kapasita hiyo ikikauka ikabaki mikrofaradi 2, hesabu inageuka. Kujaza ni milisekunde 24 na kushuka haifiki hata milisekunde moja. Pato halina shoti yoyote, ila aisi haipati muda wa kulipandisha. Unasikia sauti nyembamba, ya haraka, isiyokatika. Basi: tiki nzito ya taratibu, mbili kwa sekunde au chini ya hapo, tafuta shoti au mzigo upande wa pato. Mlio mwembamba wa haraka, badilisha kwanza kapasita ya VCC. Kapasita hiyo huwa ndogo, mara nyingi mikrofaradi 22 hadi 100, na aghalabu imewekwa jirani na kifyonza joto cha mosifeti, pahali pabaya kuliko pote kwenye bodi.

Weka ya thamani ileile, volti 35 au 50, daraja la nyuzi 105. Kuna mtindo wa kuweka 470 au 1000 "iwe na nguvu". Rudia hesabu ya juu kwa 1000: siku shoti itakapotokea, mosifeti itasukuma karibu sekunde nusu nzima badala ya milisekunde 19. Umeondoa ulinzi bila kukata waya hata mmoja.

Hatua ya 4: Pima VCC

Tumia mita ya mshale kama unayo. Ya dijitali inachelewa, na kwenye VCC inayopanda na kushuka itakupa namba zinazorukaruka zisizo na maana, wakati mshale unaonyesha mwendo wenyewe.

VCC sifuri kabisa, ilhali kapasita kubwa ina volti 300 na kitu: rezista ya kuwashia imekatika. Mara nyingi ni mbili au tatu zilizopangwa mfululizo, pima kila moja, maana hupanda thamani bila kuonyesha weusi wowote. VCC imekwama kwenye 5 au 9 na haipandi: kitu kinaivuta, ama aisi imevuja ndani, ama zena (dayodi ya kuzuia volti isizidi) ya kando, ama kapasita, ama uchafu ule wa hatua ya kwanza. VCC inapanda hadi 16 na kushuka hadi 10 bila kuchoka: ulinzi, rudi kwenye tiki.

Inayochanganya watu ni VCC inayopanda na kushuka hivyo hivyo, pini ya 8 ikipata volti 5 kwa vipindi, lakini pato halijaribu kupanda hata kidogo. Pima pini ya 1, ile inayoamua mosifeti ifunguke kiasi gani. Ikiwa chini ya volti 1 hata pale pini ya 8 inapokuwa na volti 5, kuna mkono unaishikilia chini. Kwenye monita na baadhi ya chaja kubwa, watengenezaji huongeza transista mbili zinazoshikana na kujifunga zikiona volti au joto limezidi, na zikishajifunga hazifunguki mpaka uondoe plagi. Hata ukiiondoa, kapasita kubwa inaendelea kuzilisha kupitia rezista ya kuwashia. Fundi anachomoa, anachomeka baada ya sekunde mbili, anaona bado, anatangaza kifo. Punguza kapasita kubwa kwa rezista yako, subiri VCC ifike sifuri, ndipo uwashe tena. Ikiwaka sekunde moja na kujifunga upya, tafuta volti iliyozidi.

Hatua ya 5: Tenga mzigo

Bila umeme, pima dayodi ya pato. Hii ndiyo inayokufa zaidi kwa shoti, ikifuatiwa na kapasita za pato zilizovimba. Dayodi pacha za miguu mitatu ziondoe kwenye bodi kabla ya kuhukumu, kwa sababu koili ya transfoma husoma karibu sifuri na kukudanganya.

Ikiwa ni chaja ya betri, usiipime kamwe betri ikiwa imeungwa. Mita itasoma 12.5 na taa itawaka hata chaja ikiwa imekufa kabisa, maana unachokisoma ni betri.

Siku za giza, wavuvi wa dagaa wanapokesha, asubuhi meza inajaa chaja za betri za taa. Malalamiko ni yale yale.

"Shikamoo fundi. Hii inapiga tiki tu, haichaji."

"Marahaba kijana. Betri umekuja nayo?"

"Iko kwenye pikipiki."

"Ilete, ndiyo ninayotaka kuiona."

Betri iliyotumika mpaka taa zikafa inaweza kuwa imeshuka hadi volti 8. Chaja rahisi isiyo na saketi ya kushika mkondo inagonga ukomo wake, na betri inalivuta pato hadi hizo 8. Koili ya msaada hufuata pato kwa uwiano: kama ilipangwa kutoa 14 pato likiwa 13.8, sasa inatoa 8 na kitu. Hiyo iko chini ya 10, aisi inazima. Chaja ni nzima, aisi ni nzima. Unga betri hiyo kupitia balbu ya breki ya gari ya wati 21 iliyokaa mfululizo kwenye chanya, pato litabaki juu na betri itapanda taratibu. Ikifika volti 11, toa balbu, unga moja kwa moja. Ikikataa kupanda kabisa baada ya saa kadhaa, seli moja imekufa, na hilo si suala la chaja.

Balbu hiyo hiyo ni mzigo mzuri wa majaribio kwenye pawasaplai ya 12 V, ikila ampea 1.75. Ila waya wake ukiwa baridi unavuta mara kadhaa ya hiyo kwa kitambo kifupi, na pawasaplai ndogo inaweza kuhesabu shoti. Anza na balbu ya wati 5.

Hatua ya 6: Jaribu aisi bila umeme wa ukutani

Kama kuna hatua moja ya kujifunza kwenye mwongozo huu, iwe hii. Chomoa plagi, punguza kapasita kubwa hadi sifuri na uhakikishe, kwa sababu utaiambia mosifeti ifunguke kwa nguvu zote na hutaki kuwe na volti 300 kwenye dreni, mguu wake wa umeme mkubwa. Chukua pawasaplai ya mezani, weka ukomo wa miliampea 50, chanya pini ya 7, hasi pini ya 5.

Pandisha kutoka volti 8 taratibu. Mkondo utakaa chini ya miliampea 1. Karibu na 16, kwa 3842, utaruka ghafla hadi 10 au 15, na pini ya 8 itaruka kutoka sifuri hadi 5. Sasa shusha: itaendelea mpaka karibu na 10, kisha izime. Umeona ulinzi wa volti ndogo kwa macho yako. Kama aisi iliyoandikwa 3842 inawaka kwenye 8.4, imeandikwa upya na mtu, ni 3843 au 3845. Zipo nyingi sokoni, ndiyo maana aisi mpya nayo ipitie jaribio hili kwenye soketi ya pini nane kabla ya kuilehemu.

Rudi volti 17. Pini ya 4 ina mawimbi ya msumeno, mita ya DC itasoma karibu 2. Pini ya 6, kwa kuwa pato ni sifuri na optokapla (kipuri kinachorudisha habari za pato kwa mwanga) haijawaka, itakuwa wazi kadiri inavyoruhusiwa: 3842 itasoma karibu na VCC, 3844 itasoma chini kidogo ya nusu yake.

Sasa jaribu ulinzi wa mkondo. Aisi hizi hupima mkondo wa mosifeti kwa kusoma volti kwenye rezista ndogo iliyo kati ya sosi, mguu wa mosifeti unaotoa mkondo, na grandi, na volti hiyo ikifika 1 kwenye pini ya 3, mpigo huo unakatwa papo hapo. Chukua betri ya redio ya volti 1.5, hasi kwenye grandi, chanya kwenye pini ya 3 kupitia rezista ya omu 100. Mbona isiwe kiloomu 1? Kwa sababu kwenye bodi pini hiyo tayari ina rezista ya kama kiloomu 1 inayoelekea kwenye rezista ya kupimia, na ukiweka nyingine kama hiyo volti inagawanyika hadi 0.75, haifiki ukomo. Kwa omu 100 unapata 1.36. Pini ya 6 lazima iporomoke karibu na sifuri, na ukiondoa betri irudi. Isipoporomoka, hapo ndipo unapong'oa aisi, na una ushahidi.

Hatua ya 7: Mkondo na marejesho ya volti

Rezista ya kupimia mkondo ndiyo inayoamua ukomo: omu 0.5 inakata kwenye ampea 2, omu 0.33 kwenye 3. Mita ya kawaida haiwezi kuisoma vizuri kwa sababu waya zake pekee zina omu 0.2 hivi. Pitisha ampea 1 kutoka pawasaplai ya mezani na upime milivolti juu yake: milivolti 500 ni omu 0.5. Ikiwa imepanda thamani, pawasaplai itakata mzigo mdogo kana kwamba ni mkubwa. Nimeona bodi ambapo mtu ameweka kipande cha waya mahali pake. Ilikuwa inafanya kazi, ndiyo, mpaka siku ya shoti ya kwanza.

Mosifeti ikipasuka, mkondo wa kapasita kubwa hupita kwenye rezista hiyo na kuikata, na volti kubwa hurudi kupitia geti hadi pini ya 6. Hapo usibembeleze: badilisha mosifeti, rezista ya kupimia, rezista ya geti, fyuzi na aisi kwa pamoja, na pima daraja la dayodi. Kubadilisha kimoja kimoja ni kununua mosifeti mbili.

Marejesho ya volti yanajaribiwa nayo bila umeme wa ukutani. Upande wa pato kuna TL431 inayolinganisha na volti 2.5 na kuwasha optokapla, mara nyingi PC817. Lisha pato kwa pawasaplai ya mezani, weka mita ya omu ya dijitali kwenye pini 4 na 3 za optokapla, nyekundu kwenye 4, na upandishe volti. Kwenye pawasaplai ya 12 V, ukinzani unatakiwa ushuke ghafla ukifika 12. Ukifika 13 bila kushuka, optokapla, TL431 au rezista zake za kugawanya zina tatizo, na ndicho kilichokuwa kinavimbisha kapasita za pato. UC3842 yenyewe haina ulinzi wa volti ya pato kuzidi. Zena iliyokaa kwenye pato na kupiga shoti ndiyo iliyojitolea kuwa ulinzi huo. Usiitoe na kuiacha wazi.

Zenye mosifeti ndani

Kwenye ving'amuzi na adapta ndogo utakuta VIPer22A au aina za TNY. Misingi ni ileile, ila saa na vipimo vimo ndani. VIPer22A huwaka VDD, ndiyo VCC yake, ikifika volti 14.5, huzima kwenye 8, na ikiona 42 hukata kwa kuzidi. Ukiipata inapiga tiki huku VDD ikipanda juu mno badala ya kushuka, tazama optokapla. TNY264 hadi TNY268 huhesabu zenyewe: zisipopata marejesho kwa milisekunde 50, hupumzika milisekunde 850. Hiyo ni tiki moja kila karibu sekunde moja, na kubadilisha kapasita yake hakubadilishi mwendo huo. Zikifika nyuzi 135 huzima na kusubiri zishuke kwa nyuzi 70, yaani hadi 65 hivi, kwa hiyo king'amuzi kinachofanya kazi dakika ishirini na kulala, kisha kikaamka chenyewe, kitafutie hewa kabla ya vipuri.

Umeme mdogo na inveta

Kuna kifaa kinachogoma kwa fundi wake kijijini lakini kikifika mjini kinawaka. Umeme ukiwa 150, kapasita kubwa ina volti 212 tu. Rezista ile ya 300 kiloomu sasa inatoa miliampea 0.65, na aisi ambayo inahitaji nusu miliampea au zaidi kwa ajili yake inaweza isifike 16 kabisa. Hata ikifika, nguvu ileile kwa volti ndogo inataka mkondo mkubwa, na ukomo wa volti 1 unagongwa mapema. Kwa wanaotumia inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi, usiamini mita kwenye soketi. Pima DC kwenye kapasita kubwa, ndiyo aisi inayoiona. Ikiwa chini ya 250, tatizo liko kabla ya chaja.

Kabla ya kurudisha

Washa kupitia balbu ya mfululizo, kisha bila balbu, kisha mzigo mdogo, kisha mzigo kamili kwa saa nzima kasha likiwa limefungwa, maana ulinzi wa joto haujitokezi kasha likiwa wazi mezani. Chomoa na uchomeke mara kadhaa, pawasaplai ikiwa ya moto, uone kama inawaka upya bila kusita. Kama ni chaja, mwonyeshe mwenyewe mpangilio: plagi kwanza, betri baadaye, nyekundu kwa chanya, na ikipiga tiki achomoe betri kabla ya kuirudisha kwako.